Mwisho wa Mwanaidi kwa Kisukuma

Machibya hakuzaliwa mtafsiri. Alizaliwa mvivu, na utafsiri ukamkuta hukohuko kwenye uvivu, kama mvua inavyomkuta aliyelala uwanjani. Alikaa chuo cha ualimu mwaka mmoja na ushee, akarudi Bariadi na sanduku la bati, Kiswahili cha redioni, na maelezo ambayo kila aliyeuliza alipewa ya kwake. Wazee aliwaambia ada imepanda. Wasichana aliwaambia amepishana na mkuu wa chuo mambo ya siasa. Dada yake Minza ndiye pekee aliyeambiwa kweli, kwamba alifeli, na Minza akasema, "Afadhali. Watoto wa watu wamepona."

Ilikuwa miaka ile ya kila kitu kufunguliwa. Pamba, iliyokuwa na mnunuzi mmoja tangu enzi za baba zao, sasa ilikuwa na wanunuzi wanaomvizia mkulima njiani kama vijana wanavyomvizia binti kisimani, kila mmoja na mzani wake na kila mzani na uongo wake. Dar es Salaam vituo vya televisheni vya watu binafsi vilikuwa vimeanza kurusha picha. Picha zenyewe zilichoka njiani kabla ya kufika Bariadi, ambayo siku hizo ilikuwa bado inahesabiwa Shinyanga, kwa hiyo zililetwa kwa basi. Salvatory, mwenye banda la video nyuma ya mnada wa ng'ombe, alikuwa na mdogo wake Mwanza mwenye deki ya kurekodia. Mdogo mtu anarekodi, kondakta anabeba kanda ndani ya mfuko wa rambo, na siku ya mnada mchana jenereta la Salvatory linakohoa, linatema moshi, watu wanaingia.

Walioingia walikuwa wafugaji wa Sapiwi, wa Ngulyati, wa Zagayu, wametoka kuuza au kununua, fimbo zao zimeegemezwa mlangoni kwa sababu Salvatory aliwahi kuvunjiwa kioo na mtu aliyetaka kumsaidia shujaa. Kiswahili chao kiliwatosha kuuzia ng'ombe, hakikuwatosha kulilia. Hapo ndipo Machibya alipopata ajira. Alisimama kando ya televisheni akawageuzia maneno kwa Kisukuma, kila mhusika na sauti yake. Filamu za karate alizitafsiri kutoka Kichina, lugha ambayo hakuijua hata salamu, na hakuna Mchina aliyewahi kulalamika.

Kisha ukaja mchezo wa kuigiza ulioitwa Geti la Kijani.

Ulikuwa mchezo wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanamke mmoja, Mwanaidi, amepelekwa huko na ndugu wa mumewe, na kila wiki mtazamaji anasubiri kuona kama atatoka. Kusema kweli ulikuwa mchezo fukara. Wodi ilikuwa chumba kimoja, daktari alivaa koti la mtu mwingine, na nje ya dirisha kulikuwa na mti ambao jani lake halikutikisika tangu mchezo uanze. Watu walikaa vitandani wakaongea. Wafugaji wakaanza kupiga miayo, wengine wakaulizia fimbo zao.

Machibya aliona kibarua chake kinaondoka. Mwanaidi alikuwa amepanga foleni ya uji, anatazama bakuli lake, hasemi kitu. Machibya akamsemea: "Leo serikali imeamka na njaa." Banda zima likaangua kicheko. Akaendelea. Akasema kwamba wanawake wa wodini husimama kwenye foleni kila mmoja ameshika gauni la wa mbele, asije mmoja akapotea njiani kati ya kitanda na sufuria. Akasema kuna mama mmoja wa Pwani ana benki ya maharage anayookota sahanini, anakopesha, anatoza riba, na benki imefilisika kwa sababu mhasibu amekula akiba. Watu walipiga mapaja. Salvatory, aliyekuwa mlangoni, alimwinulia kidole gumba.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye picha. Yote yalikuwa ya Minza.

Minza ndiye aliyembeba Machibya mgongoni mama yao alipofariki. Baadaye aliolewa Geita, akazaa mtoto, mtoto akafa kabla ya kuota jino. Baada ya msiba Minza akaugua ule ugonjwa ambao watu wakiutaja hugusa kichwa badala ya kusema. Mume alimrudisha kwao na ng'ombe wake akawadai mpaka wa mwisho. Baba yao, aliyekuwa bado hai, akapanda naye treni hadi hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali huko katikati ya nchi, akamwacha. Ilipita zaidi ya mwaka. Minza akarudi mnene, mzima, na kicheko chake kilekile.

Majirani waliambiwa alikuwa Zagayu kwa baba mdogo Yakobo, anatibiwa na mganga, mizimu ya bibi yake ilikuwa inamtaka. Ulikuwa uongo wenye heshima. Mtu aliyeitwa na mizimu hupishwa njia. Aliyetoka hospitali ya vichaa hufungiwa mlango, hata kama ugonjwa ni uleule na aliyepona zaidi ni huyo wa pili. Aliyeujua ukweli nyumbani alikuwa Machibya peke yake, na jioni walipokaa kubangua karanga ambazo Minza aliziuza sokoni, dada mtu alimsimulia mambo ya wodini. Aliyasimulia kwa kuchekesha, maana ndivyo alivyokuwa. Akimaliza alisema, "Haya ni ya karanga hizi tu," na Machibya akaitikia.

Kwa hiyo siku ile ya uji, watu wakiwa bado wanafuta machozi ya kicheko, Machibya alijiona kama ametafuna mbegu chungu katikati ya embe. Akajiambia ni mara moja tu. Wiki iliyofuata benchi hazikutosha, Salvatory akafungua turubai la ubavuni ili wengine wasimame nje, na Machibya akajiambia Minza hana habari na mambo ya video. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada, maana anayedanganya na anayedanganywa wanalala kitanda kimoja.

Kulikuwa na neno moja aliloapa kutoligusa. Minza alimsimulia kwamba mgonjwa mpya akifika wodini, wenyeji humzunguka wakamuuliza, "Umeletwa au umekuja?" Akijibu amekuja, wodi nzima huanguka kwa kicheko, kwa kuwa pale hakuna aliyekuja.

Aliligusa. Kulikuwa na mgonjwa mpya kwenye picha, banda lilikuwa limejaa mpaka watoto wanakaa mabegani, na neno lilikuwa limeiva. Kabla ya mnada mwingine Bariadi nzima ilikuwa inasalimiana hivyo. Ukiingia dukani, "Umeletwa au umekuja?" Ukifika kwenye mzani wa pamba, "Umeletwa au umekuja?" Paroko alikuta vijana wanaulizana mlangoni mwa kanisa, akadhani ni katekisimu, akafurahi.

Machibya alipita sokoni akaona muuza viazi anamrushia Minza salamu hiyo. Minza akamtazama yule mtu, kisha akatazama karanga zake, akasema, "Nimekuja." Muuza viazi akacheka. Minza hakumgeukia mdogo wake, na Machibya akaingia haraka kwenye uchochoro wa mitumba, akashika suruali ambayo hakuwa na nia ya kununua, akaishika mpaka mwenye nayo akamwambia, "Kaka, hiyo ya kike."

Ingekuwa ni hayo tu, labda yangepita. Lakini kulikuwa na Jilala.

Jilala alikuwa mfugaji wa Sapiwi, mjane, mpole, mwenye mikono mikubwa kama majembe na maneno machache kama mvua ya kiangazi. Mwaka uliotangulia, kabla hata Geti la Kijani halijatungwa, alikuwa amesimama mbele ya karanga za Minza muda mrefu bila kununua. Minza akamuuliza, "Wewe umeletwa au umekuja?" Jilala akafikiri kama mtu aliyeulizwa mahakamani, akajibu, "Nimekuja." Minza alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo Jilala alinunua karanga kila mnada, ingawa ilijulikana kwamba hana magego ya kutosha.

Mambo yalikuwa yamefika mbali. Pamba ikishauzwa, wazee wa Jilala wangekuja kupanga mahari. Ng'ombe wangeingia kwenye boma la baba yao marehemu, ambalo sasa ni la Machibya, na kwa desturi ya Wasukuma ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Machibya alikuwa na Felisita wake Ngulyati, na baba wa Felisita alikwisha kumwambia, "Kijana, kwangu hodi hupigwa kwa kwato." Kwa hiyo ndoa ya Minza ilikuwa imebeba ndoa mbili. Machibya alilijua hilo kila alipofungua mdomo bandani, na bado aliufungua.

Siku moja ya mnada kanda ikafika, Salvatory akaitumbukiza kwenye deki, na badala ya wodi wakatokea wanaume wa Kinshasa wenye suruali zilizopandishwa mpaka kifuani, wanacheza. Watu walisubiri wamalize. Hawakumaliza. Kondakta ndiye aliyeleta habari kutoka Mwanza: Geti la Kijani limekatishwa. Kampuni ya sabuni iliyokuwa inalipia mchezo imeona vichaa hawauzi sabuni.

"Mwanaidi yuko wapi?" mtu akauliza kutoka benchi la mbele.

"Hayupo. Wamekata," akasema Salvatory.

"Wamemkata nani?"

"Mchezo, mzee. Mchezo umekatwa."

"Mimi nimemwacha dume mnadani hajapata mteja kwa ajili ya huyu mwanamke. Ametoka au hajatoka?"

Kelele zikapanda. Mmoja akataka kiingilio chake. Mwingine akaenda kuchukua fimbo. Salvatory akamvuta Machibya nyuma ya jenereta. "Naweka kanda ya wiki iliyopita, nazima sauti. Wewe malizia."

"Nimalizie nini? Mimi si mtunzi."

"Na Kichina ulikisomea wapi?"

Wakarudi ndani. Mwanaidi akatokea kwenye kioo, bubu, amekaa kitandani chini ya dirisha lenye ule mti usiotikisika. Machibya akakohoa. Ndipo alipomwona Jilala benchi la mwisho, kofia magotini.

Kwa muda mfupi alijua la kufanya, na alilifanya. Akasema daktari amempima Mwanaidi, ameona amepona. Amempa ruhusa. Mwanaidi amepanda basi, amefika kwao, analima, anapika, ameolewa na mtu mwema. Akasema taratibu, kwa Kisukuma kizuri, macho yake benchi la mwisho. Jilala alikuwa amenyoosha shingo, anasikiliza kama mtu anayesomewa wosia.

"Halafu?" wakauliza wa mbele.

"Basi. Amepona."

"Ndiyo nini hiyo? Kichaa hapewi ruhusa!"

"Machibya umeugua? Leo huna chumvi!"

"Rudisha hela, Salvatory!"

Banda lilikuwa linamponyoka. Aliyewahi kuchekesha watu mia anajua ubaridi wa watu mia wanapoacha kucheka. Unaingia kwenye mifupa. Machibya akatafuta neno, lolote, na mkono wake ukaingia mahali ambapo hakuwahi kuuingiza.

"Subirini, hamjasikia," akasema. "Amefika kwa mume mpya. Alfajiri mume anaamka, mke hayupo kitandani. Anatoka nje. Anamkuta Mwanaidi zizini. Amemfunga ndama mgongoni kwa kitenge! Miguu ya ndama inaning'inia huku na huku. Anazunguka naye zizi zima, anampigapiga matakoni, anamwimbia alale!"

Akainama, akazunguka mbele ya televisheni na ndama wake wa hewani, akaimba kwa sauti ya kike. Mabenchi yalipinduka. Mzee mmoja alilala chini kabisa, akanyoosha mkono kuomba asaidiwe. Nje ya turubai watoto walikuwa tayari wanabebana.

Kicheko kilipopungua, Jilala akauliza kutoka nyuma, kwa upole, "Ndama wa rangi gani?"

Hakuna aliyeshangaa. Ng'ombe hapiti mbele ya Wasukuma bila kutajwa rangi, hata awe wa kwenye hadithi.

"Mwekundu," akajibu Machibya, bado anahema. "Ana kipaji cheupe. Sikio la kushoto limechanika."

"Dume au jike?"

"Dume."

Mdomo ulijibu, na yeye akausikia ukijibu. Alikuwa kijana wa shule ya msingi asubuhi ile dada yake aliporudishwa kutoka Geita. Alitoka nje kuchota maji akamkuta zizini, na ndama alikuwa mwekundu, mwenye kipaji, sikio lake limechanwa na mbwa. Minza alikuwa anaimba. Machibya ndiye aliyemfungua kile kitenge, fundo kwa fundo, na hakumwambia mtu, hata baba yao.

Jilala aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona alama za kwato za ng'ombe wake aliyepotea. Akavaa kofia, akachukua fimbo yake mlangoni, akaondoka. "Amekwenda kumtafuta ndama!" mtu akasema, na banda likacheka tena.

Machibya aliporudi nyumbani alimkuta Minza jikoni, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa inachemka.

"Nasikia imeisha," Minza akasema bila kugeuka.

"Imeisha."

"Iliishaje?"

Machibya akaketi kwenye kigoda. "Alipona," akasema. "Aliolewa."

"Afadhali," akasema Minza, akampakulia. Michembe ilikuwa mitamu na Machibya aliila yote, kwa kuwa kuacha kungehitaji maelezo.

Mnada uliofuata Jilala hakuonekana. Minza alikuwa amesuka nywele upya, amekaa nyuma ya karanga zake toka jua la utosini mpaka wanunuzi wanafunga mizigo. Mnada mwingine vilevile, ila nywele zilikuwa zimeanza kufumuka. Hakuuliza. Angeuliza ingekuwa nafuu. Machibya angepata pa kuanzia kudanganya. Bandani alijaribu filamu ya karate, akafika mahali pa kumpa adui sauti, akaona hana sauti yoyote ambayo si ya mtu. Akamwambia Salvatory anaumwa koo. Salvatory akamweka kijana mwingine aliyetafsiri hivi: "Huyu anasema, atampiga. Sasa anampiga."

Mwisho Machibya akaazima baiskeli akaenda Sapiwi.

Alimkuta Jilala zizini, anamtoa ng'ombe kupe nyuma ya masikio. Jilala akamwona, akaendelea mpaka akamaliza sikio moja.

"Mwadila," akasalimu Machibya.

"Mwadila. Umeletwa au umekuja?" Hakutabasamu.

"Nimekuja."

"Dada yako aliniuliza hivyo kabla ya televisheni yenu. Mimi nikadhani ni maneno ya waganga." Akamtupa kupe chini, akamkanyaga. "Kumbe."

"Alikuwa mgonjwa, shemeji. Amepona. Hata daktari—"

"Sijakuuliza hilo. Yule ndama alikuwepo?"

Machibya akatazama kwato za ng'ombe. "Alikuwepo."

"Ndiyo. Ng'ombe wa kutunga hana sikio lililochanika."

"Kosa ni langu. Usimwache yeye kwa ajili ya kosa langu."

"Nani amekuambia namwacha?" Jilala akamgeukia sasa. "Mtu amefiwa na mtoto, amebeba ndama. Mimi nina ng'ombe, naelewa. Ambacho sielewi ni kaka yake kusimama mbele ya watu akatikisa matako. Ng'ombe wangu wanaingia boma la nani? Lako. Watoto watakaozaliwa watamwita nani mjomba? Wewe. Watakuja kwako, watakuambia mambo yao, halafu siku ya mnada…" Akampigapiga ng'ombe shingoni, kama kwamba ndiye aliyehitaji kutulizwa.

"Unataka nini, shemeji?"

"Ng'ombe nitawapeleka Zagayu, kwa Yakobo. Awapokee yeye, wabaki kwake. Wewe hutakaa na wazee. Hutakula nyama ya siku hiyo. Wakiuliza sababu, sababu utatoa wewe. Mimi sitasema kitu, maana si cha kusemwa."

Machibya alifikiria Ngulyati, na Felisita, na hodi ya kwato. Ng'ombe wakishaingia kwa baba mdogo Yakobo, mwenye vijana wanne ambao hawajaoa, hawatoki. "Sawa," akasema.

Kazi ngumu ilikuwa Zagayu. Baba mdogo Yakobo alimsikiliza huku anachonga mpini, kisha akaweka panga chini.

"Nikae na ng'ombe wa binti wa kaka yangu, na wewe mwenye boma upo hai? Umefanya nini?"

"Nimemkosea shemeji."

"Umemkosea nini?"

Hapo Machibya, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa cha kusema tangu aachishwe ziwa, akakwama. Ili akiri kosa ilibidi alieleze, na ili alieleze ilibidi amtoe tena Minza zizini na yule ndama mgongoni, mbele ya baba mdogo, mbele ya wake zake wanaopepeta mtama pale karibu, masikio yamesimama. Kukiri kungekuwa kulirudia.

"Siwezi kusema, baba."

"Huwezi kusema." Yakobo akajipangusa vumbi la mti magotini. "Ni ng'ombe? Umemwibia ng'ombe?"

Wanawake wakaacha kupepeta. Machibya alifikiri: nikikataa, ataendelea kuuliza mpaka afike. Akanyamaza. Kwa Wasukuma kunyamaza mbele ya swali hilo ni jibu, na walinzi wa sungusungu wamewahi kumfukuza mtu kijijini kwa jibu fupi kuliko hilo.

"Mshukuru huyo mkwe ni mpole," Yakobo akasema, akaokota panga lake. "Mwingine angeleta watu na filimbi."

Habari haikuhitaji basi. Ilipofika Ngulyati, baba wa Felisita alimwita binti yake akamwambia kwamba hodi ya kwato alimaanisha kwato za halali. Salvatory alimcheka: "Wewe? Uibe ng'ombe? Ungemwamsha kwanza umpe utani!" Lakini hata yeye, tangu siku hiyo, hakumwachia ufunguo wa sanduku la kiingilio. Machibya aliyabeba yote, na kila alipotaka kujitetea alijikuta anaona tena lile fundo la kitenge kule zizini.

Siku ng'ombe walipofika Zagayu, Machibya alikuwepo kwa sababu Minza alisema haolewi kama mdogo wake hayupo. Alisimama nje ya ua wa minyaa akipasua kuni, kazi ambayo hakuna aliyempa. Ng'ombe walipita karibu naye, wanono, mikia yao inachapa nzi, na vijana wa Yakobo wakawataja mmoja mmoja kwa rangi. Wazee wakaingia. Harufu ya nyama ikatoka.

Minza akatoka akiwa amejitanda kitenge kipya. Akakaa juu ya gogo.

"Wanasema umeiba ng'ombe," akasema.

"Nimesikia."

"Wewe, ambaye ulikuwa unawaogopa hata mbuzi." Akatoa kijiti kwenye kitenge, akakitupa. "Jilala hataki kuniambia. Nimemwambia asihangaike. Nilikuwepo."

Shoka likabaki kwenye kuni.

"Nyuma ya turubai," Minza akasema. "Karibu kila mnada. Niliwaachia wenzangu karanga nikaja kusikia watu wanacheka nini. Ya uji nilicheka. Ya benki ya maharage nilicheka mpaka nikakaa chini, mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Ulikuwa hodari, Machibya. Ulipatia hata sauti ya yule mama wa Pwani, na hujawahi kumwona."

"Dada—"

"Ya ndama niliondoka."

Ndani mtu alikuwa anaomba chumvi. Machibya alitaka kusema, akaona kila neno alilonalo limekwisha kutumika bandani.

"Niliondoka nikaweka michembe jikoni," akaendelea Minza. "Ukaja, nikakuuliza iliishaje. Nilikuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Nilikuambia ulipona."

"Uliniambia Mwanaidi alipona." Akasimama, akajipangusa. "Ungeniomba, ningekupa. Yote ningekupa, yachekeshe watu, ndiyo maana Mungu aliyaleta yakiwa ya kuchekesha. Hiyo moja tu ungengoja nizeeke."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe," akasema Minza, kama mtu anayesema atapika. "Siyo leo. Leo ninaolewa."

Akamshika bega kidogo, akarudi ndani. Machibya akang'oa shoka. Muda si mrefu akasikia sauti ya Minza ikipita juu ya minyaa, chini chini, ikipanda kidogo kama ilivyokuwa ikipanda alipokaribia pa kuchekesha. Alikuwa anawasimulia jambo wazee wa Sapiwi. Wazee walikuwa kimya, wanangoja. Machibya alijikuta amesimama, shoka hewani, shingo imeinama kuelekea ua, sikio limeanza kuokota neno la kwanza, na la pili.

Akaweka shoka chini. Akaondoka upesi kuelekea mashamba ya pamba, mpaka alipokuwa hasikii maneno, anasikia kicheko tu.